Aliyekuwa Nacho na Aliyekiona

Msomaji, nataka tutazame pamoja swali ambalo kwa mbali huonekana kuwa la mawakili peke yao, lakini kwa karibu ni swali la kila mtu apendaye haki. Swali lenyewe ni hili: ikiwa kitu kimekuwa mikononi mwa watu siku zote, nao wakakitumia pasipo kukijua, je, mtu wa kwanza kukitambua na kukipa jina ana haki ya kusema kwamba ni chake?

Jioni moja mwanafunzi wa chuo cha ualimu ninakofundisha alinijia kwa furaha kubwa. Alikuwa amejaza maharagwe katika mikebe miwili. Katika mmoja alitia majivu makavu yaliyochekechwa, na katika wa pili hakutia kitu. Baada ya majuma kadhaa mkebe wa pili ulikuwa umeingia fukusi, na ule wa kwanza ulikuwa salama. Alikuwa amekwisha kusoma na sababu yake pia: chembe za majivu huziba nafasi zilizo kati ya punje, hukwaruza ngozi ya mdudu, na kumkausha mpaka akafa. "Mwalimu," akaniambia, "nimevumbua dawa. Nifanyeje ili niiandikishe iwe yangu?"

Nikamwuliza, "Nyumbani kwenu maharagwe ya mbegu huwekwaje?"

Alinyamaza kidogo, kisha akatabasamu kwa haya. "Nyanya huyachanganya na majivu ya jikoni. Lakini, Mwalimu, nyanya hajui kwa nini majivu yanafaa. Mimi ndiye niliyejua."

Jibu hilo halikuwa la kipumbavu. Limepata kunenwa, kwa maneno mengine, mbele ya majaji wakubwa wa dunia, na mali nyingi imesimama au imeanguka kwa sababu yake. Kwa hiyo sikumcheka. Nilimwambia kwamba tungelifikiri pamoja, na haya nikuandikiayo wewe ni matunda ya fikira zile.

Kwanza yafaa tujue hati ya uvumbuzi, ambayo siku hizi huitwa hataza, ni kitu gani. Hataza ni mapatano baina ya mvumbuzi na watu wote. Mvumbuzi hufunua siri yake kwa maandishi, aeleze wazi jinsi kitu chake kifanywavyo, ili mtu mwingine mwenye ujuzi wa kazi hiyo aweze kukifanya. Serikali, kwa niaba ya watu, humlipa kwa kumpa haki ya kuwazuia wengine wasikitengeneze wala kukiuza kwa muda maalumu. Katika Kenya, sheria ya mwaka 2001 huweka muda wa miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi. Miaka hiyo ikiisha, uvumbuzi huwa mali ya wote, na kila mtu aweza kuutumia bila ya kuomba ruhusa.

Mapatano haya yana sharti moja kubwa: kitu kiwe kipya. Mtu hawezi kuwauzia watu kile walicho nacho tayari. Kama kimekwisha kuelezwa katika kitabu mahali popote duniani, au kimekwisha kutumiwa hadharani, hakuna tena cha kuuza, na hati iliyotolewa kwa makosa yaweza kubatilishwa na mahakama.

Uvumbuzi wa zamani ukitaja jambo hilo waziwazi, kazi ya mwamuzi ni nyepesi, maana husoma maandishi mawili na kuyalinganisha. Shida huanza pale ambapo uvumbuzi wa zamani umenyamaza. Haukulitaja jambo hilo, wala aliyeuvumbua hakuliota, lakini mtu asimama na kusema, "Hata kama halikutajwa, lilikuwamo. Limefumbatwa ndani yake kama kiini katika yai." Hapo ndipo ushahidi hutakiwa, na hapo ndipo watu hutofautiana.

Mizani ya jambo hili ni moja, nayo ni neno lazima. Fikiri juu ya watu wawili. Mmoja amefukia kokwa la embe, na wa pili amewasha moto wa kuni. Je, yule wa kwanza amepata mwembe? Huenda. Mvua yaweza kukosekana, mchwa waweza kulila kokwa, au lenyewe lilikuwa bovu. Na wa pili je, amepata majivu? Naam, amepata, ajue asijue, atake asitake, maana kuni haziungui zikaacha kuwa na majivu. Sheria husema kwamba majivu yamefumbatwa ndani ya moto, lakini mwembe haukufumbatwa ndani ya kokwa. Mahakama za Marekani zimelirudia fundisho hili kwa muda mrefu: haitoshi kuonyesha kwamba jambo laweza kutokea, wala kwamba aghalabu hutokea. Ni lazima ionyeshwe kwamba, mtu akifuata maagizo ya zamani, jambo hilo hutokea pasipo budi.

Na mzigo wa kuonyesha hayo huwa juu ya nani? Huwa juu ya yule atakaye kuivunja hati. Katika Marekani hataza huhesabiwa kuwa halali mpaka mpinzani alete ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha. Kwa kawaida yeye humwita mtaalamu, achukue maagizo ya zamani na kuyafuata tena kama yalivyoandikwa, kisha apime yaliyopatikana. Lakini mtaalamu huyo ana mtego mbele yake. Yeye amekwisha kujua atafutacho. Akiongeza moto kidogo, akichuja mara moja zaidi, akichagua chombo kilicho bora kuliko kile cha zamani, atapata matokeo ambayo mtu wa kale hangaliyapata. Basi ushahidi wake huwa umeharibika, maana ameingiza ujuzi wa leo katika mkono wa jana. Ni rahisi mno, baada ya kitendawili kuteguliwa, kila mtu kusema kwamba jibu lilikuwa wazi. Yafaa nawe ujihadhari na udhaifu huo, hata katika mambo yasiyohusu mahakama.

Sasa tutazame kesi zenyewe. Ya kwanza iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1880. Mtu aliyeitwa Richard Tilghman alikuwa amepewa hataza mwaka 1854 kwa njia ya kutenganisha mafuta ya wanyama. Alichanganya mafuta na maji, akayatia katika chombo kilichofungwa imara, akayapasha moto mkali huku shinikizo likiyazuia maji yasigeuke mvuke. Kwa njia hiyo mafuta yaligawanyika yakawa asidi za mafuta, zifaazo kwa mishumaa na sabuni, pamoja na glisirini. Watengenezaji wa sabuni na mishumaa walioshtakiwa walitoa hoja ya werevu. Walisema kwamba zamani kabla ya Tilghman watu walikuwa wakitia mafuta ya wanyama katika mitambo ya mvuke ili kulainisha vyuma vyake, na kwamba humo ndani, kwa joto na shinikizo la mvuke, mafuta yaligeuka kuwa asidi. Basi, walisema, njia ya Tilghman ilikuwapo kabla yake.

Mahakama ilikataa. Jaji Bradley alieleza kwamba, hata ikiwa asidi hizo zilipatikana katika mitambo, zilipatikana kwa bahati tu, watu wakishughulika na jambo jingine kabisa, pasipo mtu kutambua lililotendeka wala jinsi lilivyotendeka. Bahati ya namna hiyo haikumfundisha mtu yeyote kutenganisha mafuta, wala haikumpa mtu mshumaa mmoja. Tilghman akabaki na haki yake.

Ya pili iliamuliwa na mahakama ya rufaa ya Marekani isikilizayo kesi za hataza, mwaka 2002, nayo ilihusu mboga. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichunguza miche michanga ya brokoli, mboga iliyo ndugu wa kabeji na sukuma wiki. Waligundua kwamba miche ya aina fulani za mboga hizo, ikichumwa ingali michanga sana, ina wingi wa viini viitwavyo glukosinolati, ambavyo husaidia mwili kujikinga na vitu viletavyo saratani. Huu ulikuwa ugunduzi mkubwa na wa kweli. Wakapata hataza kwa njia ya kuandaa chakula chenye viini hivyo, yaani kuotesha mbegu zifaazo na kuvuna miche kabla haijakua. Kisha wakulima waliokuwa wakiuza miche wakashtakiwa.

Wakulima wakajibu kwa maneno machache: miche ya brokoli imeoteshwa na kuliwa tangu zamani. Mahakama iliwakubalia. Viini vile havikutiwa ndani ya miche na wataalamu. Vilikuwamo kwa maumbile ya mbegu yenyewe, na kila mtu aliyepata kula miche ya namna hiyo alivila pia, ijapokuwa hakuvijua kwa jina. Kujua faida ya chakula cha zamani hakukifanyi chakula hicho kuwa kipya. Hataza ikaanguka.

Hapa, msomaji, huenda ukaona ugomvi baina ya hukumu hizi mbili. Asidi ilikuwamo katika mtambo bila kujulikana, na mahakama ikasema si kitu. Viini vilikuwamo katika miche bila kujulikana, na mahakama ikasema vyatosha. Je, majaji walibadili mizani? Wako waliosema hivyo, na ni kweli kwamba mawazo ya majaji juu ya jambo hili hayakuwa sawa siku zote. Lakini mimi naona tofauti iliyo ya haki. Asidi ya mtambo haikuwa na hakika, haikukusudiwa, wala haikumnufaisha mtu; ilipotea pamoja na mvuke. Miche ililimwa kwa makusudi, ikaliwa kwa makusudi, na kila aliyeila alipata manufaa yake. Katika kesi ya kwanza watu hawakuwa na kitu, na kwa hiyo Tilghman hakuwanyang'anya chochote. Katika ya pili watu walikuwa nacho tayari katika sahani zao, na kumpa mwingine haki juu yake kungalikuwa kuwapokonya chakula kinywani.

Kesi ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ilifika mwaka 1995 mbele ya Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Kampuni moja ilikuwa na hataza ya dawa iitwayo terfenadini, iliyotuliza mafua yaletwayo na vumbi la maua. Muda wa hataza hiyo uliisha mwaka 1992. Lakini kabla haujaisha, wataalamu wa kampuni waligundua kwamba dawa hiyo ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi fulani, na kwamba asidi hiyo ndiyo hasa itulizayo mafua. Kampuni ikachukua hataza ya pili kwa ile asidi. Dawa ya kwanza ilipokuwa huru, kampuni ikasema: tengenezeni mkitaka, lakini kila mgonjwa aimezaye atatengeneza asidi yetu ndani ya ini lake, nayo tungali tumeimiliki.

Fikiri maana ya maneno hayo. Mtu ameambiwa kwamba lango liko wazi, kisha akaambiwa kwamba hatua ya kwanza ya ndani imefungwa.

Katika kuamua kesi hii Jaji Hoffmann alitoa mfano wa mti wa kwinini. Wenyeji wa Amerika ya Kusini walijua kwa muda mrefu kwamba gome la mti huo hutibu homa. Mwaka 1820 wataalamu wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, wakakitenga kile kiini kiponyacho, wakakiita kwinini. Je, yule mwenyeji aliyekunywa maji ya gome alijua kwinini? Kwa jina hilo hakuijua, wala hakujua umbo lake la kikemia. Lakini ukimwuliza, "Ndani ya gome hili mna kitu kiponyacho?" angalikujibu, "Naam, kimo." Alikijua kwa jina lake mwenyewe. Basi kitu kimoja chaweza kujulikana kwa namna moja na kisijulikane kwa namna nyingine.

Kwa mizani hiyo Malodi walitoa hukumu yenye pande mbili. Wapinzani walikuwa wameleta ushahidi wa watu waliojitolea kuijaribu dawa zamani, ambao asidi ilifanyika katika miili yao. Malodi walisema kwamba jambo hilo peke yake halitoshi kwa sheria yao, kwa maana matumizi yasiyomfunulia mtu habari yoyote hayakuwapa watu ujuzi. Lakini maandishi ya hataza ya kwanza yalifunua jambo la kutosha: yalimwambia mtu ameze terfenadini ili apate nafuu. Afuataye agizo hilo hupata asidi mwilini pasipo budi. Maandishi hayo yalikuwa yamekwisha kuwapa watu kitu chenyewe, ingawa kwa jina jingine. Kwa hiyo hataza ya pili haikuweza kuwazuia. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua vivyo hivyo juu ya dawa nyingine ya namna hiyo, loratadini, ikasema kwa uthabiti zaidi kwamba si lazima mtu wa zamani awe alilitambua jambo lililofumbatwa. Yatosha kuwa lilitokea kwa lazima.

Huenda ukanipinga, na ni vema unipinge. Utasema: mtaalamu amekesha usiku kwa miaka, ametafuta sababu iliyofichika, naye aambiwe kwamba hana chake? Je, hiyo si dhuluma? Nakiri kwamba hoja hii ina uzito. Taifa lisilowaheshimu watafutao sababu hubaki gizani. Lakini tazama vizuri kile anachonyimwa. Hanyimwi heshima ya kugundua, wala hanyimwi haki juu ya kitu kipya atakachokitoa katika ugunduzi wake. Akikitenga kiini kikawa safi, kama kisivyopata kuwa kabla yake. Akibuni njia mpya ya kukifanya au dawa mpya ya kukichanganya, sheria yaweza kumsikiliza. Katika kesi ya loratadini majaji wenyewe walilitaja jambo hilo. Anachonyimwa ni kimoja tu: kuwaambia watu waache kutenda waliyokuwa wakiyatenda kwa haki kabla yeye hajafika.

Na upande wa pili una wajibu wake. Asimamaye kusema, "Tulikuwa nacho," hana budi kuthibitisha. Mti wa mwarobaini ni shahidi wa jambo hili. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya, iliyo Munich, ilitoa hataza kwa kampuni ya Marekani ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, kwa njia ya kuzuia kuvu juu ya mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Vandana Shiva wa India na wenzake waliipinga. Hawakushinda kwa kulia wala kwa kusema kwamba babu zao walikuwa na hekima. Walileta maandishi, wakaleta na mashahidi walioeleza matumizi ya zamani katika India. Mwaka 2000 hataza ilifutwa, na mwaka 2005 rufaa ya wenye hataza ikatupwa. Mti huo wajulikana sana katika pwani yetu, na jina lake lenyewe hutaja maradhi arobaini. Lakini jina si ushahidi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nami naona kwamba ujuzi nao ni mali. Yale ambayo wazee wetu huyatenda mashambani na jikoni, tukiyaacha yafe pamoja nao, siku ya kuulizwa tutasema "tulikuwa nacho" na hapatakuwa na mtu wa kutusadiki.

Basi nilimjibu mwanafunzi wangu hivi. Nyanya yako anacho kitu, ingawa hakujua sababu yake. Wewe umejua sababu, ingawa kitu si chako. Yeye hawezi kujisifu kwa elimu asiyokuwa nayo, nawe huwezi kumtoza ada kwa majivu yake mwenyewe. Lakini mkikaa pamoja, wewe ukaandika atendavyo na sababu ya kufaa kwake, huenda mkapata la tatu ambalo hakuna kati yenu aliyelipata peke yake. Hilo likiwa jipya kweli, nenda ukaliandikishe, na jina lake liwemo pamoja na lako.

Alikwenda nyumbani likizo ile na daftari. Aliporudi aliniambia jambo ambalo hakulitazamia: nyanya yake hatumii majivu yoyote yale. Huchagua majivu ya kuni za miti fulani, huyaanika juani kwanza, na kuyachekecha mara mbili. "Nilidhani kwamba mimi ndiye niliyejua," akasema, "kumbe nilijua nusu."

Nawe msomaji, siku utakapogundua jambo, na naomba uligundue, furahi kwa haki. Kisha, kabla hujalipigia muhuri wa jina lako, tazama nyuma yako uone kama hapana mtu aliyelishika mkononi miaka mingi pasipo kulitaja. Ukimwona, usimpite. Na kama wewe ndiwe uliyekuwa nalo, na mwingine ndiye aliyeliona, mpe sifa yake bila ya kinyongo, kisha simama imara, na ushahidi mkononi, juu ya haki yako ya kuendelea kulitumia.